Nilikubaliwa masters mbili za uhusiano wa kimataifa, nikashindwa kueleza naenda kusoma nini

Wakuu, salamu kutoka Newala, huku juu ambako leo ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi.

Ninayoandika yamenipata mwenyewe. Majina ya vyuo nayaacha, sitaki uzi ugeuke ligi ya chuo kipi bora. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Civics, sekondari ya kata. Kwetu ni Masasi, mama yangu ni Mmakua, ila nimeolewa Newala. Mume wangu, Baba Zainabu, ni fundi cherehani. Zainabu wetu ana miaka minne.

Mwaka jana nikaingiwa na wazo la masters. Kwa nini uhusiano wa kimataifa? Wakuu, sikujua vizuri. Kila nikiwafundisha Form Four mashirika ya kimataifa, najiona kama nasimulia harusi ambayo sikualikwa. Nikasema basi niende nikaione kwa ndani.

Nikaomba vyuo vinne.

Ile barua ya kueleza kwa nini unataka kusoma, statement of purpose, nilipakua mifano mtandaoni nikachanganya changanya. Yangu ilijaa dunia kuwa kijiji, utandawazi, amani na maendeleo. Ukiisoma unaweza kudhani nimewahi kuhutubia marais. Jina langu ungelifuta ukaweka la mtu yeyote, isingebadilika kitu.

(Hapa niseme kidogo: wanaoomba, mkumbusheni mapema referee, yule anayewaandikia barua ya mapendekezo. Mwalimu wangu wa chuo alituma barua siku ya deadline yenyewe, saa tisa alasiri, mimi nikiwa stationery ya Masasi natetemeka utadhani nina malaria.)

Chuo kimoja kikanikataa. Kingine mpaka leo kimya. Viwili vikanikubali ndani ya wiki moja.

Cha kwanza kipo Ulaya. International Security, miaka miwili, scholarship kamili, hadi nauli. Chuo kikubwa, ukikitaja watu wanakaa sawa kwenye kiti.

Cha pili kipo huku huku kusini mwa Afrika. Programu ndogo ya diplomasia ya kikanda na mipaka, mwaka mmoja na nusu. Ada wanalipa wao, kula na kulala ujitegemee. Wenzangu staffroom walipoisikia walidhani ni kozi ya upimaji ardhi.

Vyote vinataka jibu ndani ya wiki tatu.

Mtaniuliza, sasa hapo utata uko wapi? Nenda Ulaya! Ndivyo alivyosema kila mtu. Headmaster, shemeji zangu, hadi muuza vocha. Na mimi nilisema hivyo. Ila kila nikifungua ile form ya kukubali, kidole hakibonyezi.

Nikajidanganya kuwa ni Zainabu. Kweli, miaka miwili bila kumwona mtoto ni mingi. Lakini hata nikimweka pembeni, bado kulikuwa na kitu hakikai sawa, na sikuweza kukipa jina.

Nikachora jedwali kwenye daftari, faida huku, hasara kule. Jumatatu Ulaya inashinda. Jumatano inashindwa. Baba Zainabu akachoka.

"Mama Zai," akasema bila kuinua macho kwenye cherehani, "asubuhi umekwenda Ulaya, mchana umerudi, jioni umekwenda tena. Mimi nikushonee koti au nisishone?"

Nikafunga daftari.

Nikamtafuta Mtanzania anayesoma programu ile ya Ulaya, nikampata kupitia group la WhatsApp. Dada muungwana sana. Akanieleza kozi ni nzuri, ila karibu yote ni silaha za nyuklia, mashambulizi ya mtandaoni na ushindani wa mataifa makubwa. Somo la Afrika ni moja, la hiari, na mwaka wake halikufundishwa.

"Mimi pananifaa maana nataka kazi ya cyber," akasema. "Wewe unataka nini?"

"Nataka kuielewa dunia, dada."

"Mdogo wangu, hiyo siyo kozi."

Nikakata simu nimechanganyikiwa kuliko mwanzo.

Zimebaki siku nane, nikaenda kwa afisa anayeshughulikia ruhusa za masomo. Watumishi wenzangu mnajua, bila ruhusa ya mwajiri huendi popote, na kozi lazima ihusiane na kazi yako. Ni mzee wa makamo, mpole, miwani imeshikwa na uzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Karibu, keti."

Akasoma barua zangu zote mbili polepole. Akavua miwani.

"Hongera sana. Sasa nieleweshe, maana na mimi nitaulizwa na wakubwa wangu. Huu uhusiano wa kimataifa, mwalimu wa huku kwetu unamhusu nini?"

Nikaanza. Utandawazi. Dunia kijiji. Amani na maendeleo.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila kejeli hata kidogo, "Mwanangu, hayo nayasikia redioni. Nakuuliza wewe."

Wakuu, nilikaa pale kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani hajui jibu. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe, nikamsimulia kuhusu mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada yake mama yangu, anaishi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Aliolewa huko akiwa binti. Miaka miwili nyuma alikuja kututembelea Newala, akashikwa na homa na kifua kikali. Nikampeleka kituo cha afya.

Yeye anajua Kimakua na Kireno kidogo. Kiswahili ni salamu tu. Nikawa mkalimani. Nesi alipouliza kama kuna dawa zinazomdhuru, mama mkubwa akatoa karatasi kwenye kanga, imekunjwa mpaka imechoka. Ya hospitali ya kwao, kwa Kireno.

"Waliniambia nisiipoteze," akasema kwa Kimakua. "Ila sikumbuki inasema nini."

Hakuna aliyeweza kuisoma. Mimi sikuweza. Daktari hakuweza. Sindano imeshaandaliwa, nesi amesimama nayo.

Nesi yule, Mungu ampe maisha marefu, akasema hachomi mpaka karatasi isomwe. Nikaipiga picha, nikaituma kwa kila mtu ninayemjua. Baada ya muda mrefu akapatikana mfanyabiashara mmoja Tandahimba aliyewahi kuishi Msumbiji. Akapiga simu, nikaweka sauti kubwa.

"Huyo mama asichomwe penisilini," akasema. "Imeandikwa hapa kuwa iliwahi kumzimisha."

Nesi akaitazama sindano iliyokuwa mkononi, akairudisha kwenye sinia. Mama mkubwa akapewa dawa nyingine, akapona, akarudi kwake. Lakini mimi kuna kitu kilibaki kifuani. Ng'ambo ya mto ni ndugu zetu, tunaoana, tunazikana. Na bado karatasi ya hospitali yao ikivuka kuja huku inageuka mapambo.

Nilipomaliza, afisa alikuwa ameshika miwani tu.

"Hili uliliandika kwenye maombi yako ya chuo?"

"Hapana baba."

"Kwa nini?"

"Niliona ni mambo ya nyumbani."

Akanisogezea karatasi nyeupe. "Andika hivyo hivyo ulivyonisimulia. Kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja. Kisha uniambie umechagua barua ipi kati ya hizi mbili, maana siwezi kuziombea ruhusa zote mbili."

Nikaandika pale pale. Nyumbani nikauweka ukurasa ule katikati, na orodha za masomo za vyuo vyote viwili pembeni. Orodha ambazo, naona aibu kusema, sikuwahi kuzisoma hadi mwisho. Nilikuwa nimesoma jina la chuo na picha za maktaba.

Kwenye ya Ulaya sikupata hata somo moja linalogusa ule ukurasa. Kwenye ile ndogo kulikuwa na somo la jamii za mipakani, somo la mikataba ya huduma za afya kati ya nchi jirani, na Kireno cha lazima muhula wa kwanza.

Msidhani mbingu zilifunguka. Nilihangaika siku tatu zaidi. Scholarship kamili, wakuu! Mtu wa Newala anaikataa? Nilipobonyeza decline nikalia, na sijui nililia nini.

Nikampigia mama Masasi. Akauliza, "Kwa hiyo wamekukubali au wamekukataa?"

"Wamenikubali, mama. Mimi ndiye nimewakataa."

Kisha akasema, "Haya. Na huko unakokwenda, watakufundisha kuisoma ile karatasi?"

"Ndiyo mama."

"Basi."

Ruhusa imetoka wiki iliyopita. Naondoka mwezi ujao. Shemeji mmoja hanisemeshi, anaona nimeitupa bahati ya ukoo. Huenda ana haki, sijui.

Juzi Zainabu kawaambia watoto wenzake kuwa mama yake anakwenda kusoma mpaka. Jirani akamuuliza, "Mpaka lini?" Mtoto akakimbia ndani kuniuliza mimi. Nikamwambia mwaka mmoja na nusu. Akataka kujua hizo ni siku ngapi. Nikajifanya natafuta chumvi.

Nilichojifunza: kabla hujamwuliza mtu chuo kipi ni bora, jaribu kumweleza mtu wa kwenu, kwa lugha ya kwenu, unakwenda kusoma nini na kwa sababu ya nani. Ukishindwa, hujafika kwenye kuchagua bado.

Waliosoma diplomasia na mambo haya, karibuni. Nyie mlijuaje? Wanaoona nimekosea nao waseme tu, sitakasirika. Na kama kuna mzazi aliyewahi kuacha mtoto wa miaka minne akaenda masomoni, naomba aanze yeye.