Pampu Ikishiba Hunyamaza

Siku hiyo tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la pili, mjomba wetu, fundi wa Kibomet, na Mama. Mama namhesabu pia, ingawa alikuwa ndani ya jeneza, nyuma ya steshenwagoni ya marehemu Baba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Hospitalini Mama aliniomba jambo moja tu: apelekwe Bungoma kwa gari la Baba, alazwe kando yake. Mimi, niliyeacha shule kidato cha pili ili nimuuguze, nilikubali. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na wazee walitungoja tufike kabla jua halijatua. Hata Kitale hatukuitoka, gari likazima mtaani Kibomet, karibu na kibanda cha fundi. Pampu ya petroli, ile inayoendeshwa na injini yenyewe, ilikuwa imekufa, na nyingine kama hiyo haikupatikana mjini. Fundi akasema tutafute ya umeme.

Mjomba alikwenda madukani, akarudi na pampu ndefu inayong'aa. "Nimechagua ya nguvu."

"Mzee, hii ni ya gari za injekta," fundi akasema. "Hii yenu ni ya kabureta, na kabureta haitaki presha. Inataka kupewa pole pole."

"Nguvu ikizidi iko na ubaya gani bana? Si huko mbele kuna milima? Funga!"

Fundi akafunga. Injini ikakohoa, kisha petroli ikafurika kwenye kabureta na kumwagikia injini. Fundi aliruka akazima swichi.

"Ati unataka kuchoma dada yako kabla hujamzika?"

Mjomba aliegemea mlango wa nyuma, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Fundi aliifungua ile pampu ndefu, akaiweka kando. Aliingia chini ya gari lake mwenyewe, lililochoka kuliko letu, akatoka na pampu ndogo ya kuenea kiganjani. Aliifunga karibu na tanki, maana pampu ya umeme ni hodari wa kusukuma, si wa kuvuta. Tanki lilikuwa chini ya Mama. Alipowasha swichi, ikagonga haraka haraka, ikapunguza, ikanyamaza.

"Kabureta imejaa," akasema. "Pampu ikishiba inanyamaza."

Nikamuuliza bei.

"Utanirudishia ukitoka matanga. Enda uzike mama."

Gari likawaka. Kwenye milima pampu iligonga zaidi. Mdogo wangu, aliyeketi karibu na jeneza, akanishika bega.

"Mama anagonga. Ambia mjomba asimame, tumfungulie."

"Ni pampu."

"Ambia tu asimame."

Mjomba alisimama, akazima injini. Mdogo wangu akaweka sikio kwenye ubao. Akangoja. Sote tukangoja.

"Amenyamaza," akasema, akarudi kuketi.

Tulimzika Mama jua likikaribia kutua.

Matanga na kesi ya shamba vilinishika Bungoma hadi mvua zikaisha. Niliporudi Kibomet, kibanda cha fundi kilikuwa kimefungwa. Majirani walisema alihamia Suam, mpakani mwa Uganda, akaondoka kwa miguu na sanduku la spana kichwani. Gari lake lilikuwa pale pale, nyasi zimefika madirishani.

Nimeenda Suam mara nyingi, nikimuulizia gereji hadi gereji. Pampu ninayo, nimeifunga kwa leso ya Mama. Haijarudi kwa mwenyewe.