Siku Niliyoiruka Miguu ya Duku

Nilikuwa mtoto wa miaka minane pale Kuluba, na hakuna siku niliyoingoja kama siku ya mieleka. Mtama ukishavunwa, vijana wa kwetu walikutana na wenzao wa ng'ambo ya Mto Kaya, upande wa Sudani. Tegemeo letu lilikuwa kaka yangu Duku.

Asubuhi moja ya mieleka alikuwa amejinyoosha barazani, bibi yetu, mama wa baba, akimkanda miguu kwa mafuta ya simsim. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuwa alikataa kufuatana nami uwanjani. Nikapita mbio, nikairuka miguu yake.

"Rudi!" bibi alipiga kelele. "Ruka tena urudi ulikotoka! Umemtoa nguvu kaka yako!"

Sikurudi. Nilikimbilia uwanjani.

Duku aliwaangusha wawili. Wa tatu, kijana mrefu aliyeitwa Wani, alimkumbatia kiunoni, akamwinua, akambwaga. Nilisikia goti likialika. Ngoma zikanyamaza.

Wani mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwetu. Bibi alimpa maji ya kunawa, naye Wani akala katika bakuli moja na Duku, ambaye alikuwa anauma meno kwa maumivu. Mimi nilijificha jikoni. Bibi hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Heri angenichapa. Duku hakushika mtu tena uwanjani, na bibi alifariki kabla sijamwomba radhi.

Sasa naishi Arua mjini. Majuzi nilikwenda kumwona Duku. Anachechemea, mvi zimemjaa. Uwanja umelimwa muhogo, na vijana Jumapili huenda Koboko kutazama mpira kwenye televisheni. Nikajikaza, nikamwungamia.

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe iko nabeba hiyo maneno miaka yote? Wani alinishinda, basi. Alikuwa na nguvu. Usimunyang'anye ushindi yake."

"Yuko wapi siku hizi?"

Kicheko kikaisha. "Sijui. Zamani, kila mavuno alikuwa nakuja, tunakula pamoja, tunalala hapa. Vita ilipoingia kwao, sikumuona tena. Kila mutu anatoka kule, mimi nauliza."

Kama bibi alisema kweli, sijui hadi leo. Ila miaka yote hiyo nilimsikitikia kaka yangu kwa ajili ya goti, na kumbe yeye alikuwa akimlilia rafiki.