Mkono Uliosusa Mwiko

Mwezi uliopita tulimzika bibi yangu, na ugali wa msibani ulikuwa na madonge. Si kidogo. Ukimega tonge unakuta unga mkavu umejificha katikati, unakukwama kooni. Wanaume wa kijiji walikuwa wamekaa uani wameinamisha vichwa, wanautafuna, na hakuna aliyelalamika. Watu wa kwetu Ufipa, rafiki yangu, hawanyamazii ugali mbaya. Utasikia tu mtu anauliza aliyesonga ni nani, na huyo mume wake anaishije. Siku ile kimya. Walijua wenyewe kwa nini, na mimi nilijua, na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi msibani, wala sijutii. Ngoja nikueleze.

Siku hizi naishi Izia, hapo Sumbawanga mjini, nina nyumba na kishamba cha mahindi nyuma yake. Lakini nimekulia kwa bibi, kijijini upande wa Mwazye, ambako mwezi wa sita maji ya kunawa uso yanauma vidole. Bibi alikuwa mjane, mfupi, mkali. Alitulea kwa mwiko. Nimepigwa kwa kumwaga maji, nimepigwa kwa kuchungulia sufuria, na siku moja nimepigwa kwa kusema nimeshiba kabla hajanipakulia. Ulezi aliusaga mwenyewe kwenye jiwe, ingawa mashine ilikuwepo, kwa sababu alidai mashine inauunguza unga na kuutia harufu ya dizeli.

Kusonga kwenyewe kulikuwa ugomvi. Uji ukishatokota na kurusha matone ya kuunguza, anaongeza unga na vita inaanza. Sisi watoto wawili tunashika sufuria kwa matambara, mmoja huku, mmoja kule, yeye ameinama, mwiko kwa mikono miwili, anaupiga ugali, anaugeuza, anaubana pembeni kama amekamata mwizi. Jasho linamtoka. Matusi pia, ya Kifipa, yote ya kuutukana ugali. Halafu anatulia. Anachukua kata iliyoloweshwa maji, anachota, anaizungusha polepole mkononi, na kinachotoka ni bonge la mviringo, jeusi lenye wekundu, laini mpaka linang'aa. Analipanga kapuni na mengine, na juu ya kila bonge anabonyeza kidole gumba mara moja. Kile kishimo kilikuwa cha kuwekea mboga, lakini pia kilikuwa jina lake. Harusi au kipaimara bila kishimo kile, watu walisema hatukualikwa, tuliitwa tu.

Nilijaribu kujifunza nikashindwa. Aliniambia, "Wewe una hasira ya haraka. Ugali unataka hasira ya polepole." Aliyeiweza ile hasira alikuwa mtu mmoja tu, na hakuwa wa kwetu.

Tulimwita mama wa maziwa. Yeye na mumewe walikuja na ng'ombe wao kutoka Usukuma, wakajenga pembeni ya kijiji, karibu na mashamba. Alikuwa binti mrefu, mweusi, mwenye kicheko cha kutisha ndege. Mtindi wake aliuweka kwenye vibuyu alivyovichora mwenyewe kwa msumari wa moto, pembe za ng'ombe, nyota, mistari ya kuzunguka shingo. Ulikuwa mzito kiasi kwamba ukiinamisha kibuyu hautoki, mpaka ukipige kofi kwenye kitako. Alikuja na kibuyu asubuhi, akaondoka na mabonge mawili ya ugali. Ikawa mazoea, kisha ikawa urafiki. Bibi alimtania kwamba watu wa kwao wanakula mahindi kama mifugo yao, naye akamjibu kwamba Wafipa wanakula udongo mweusi na kuuita chakula. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Akampa mwiko, na kila alipokosea alimpiga vidole. Yule mama alipigwa kuliko sisi, wala hakuacha kuja. Mwaka wa pili mabonge yake na ya bibi huwezi kuyatofautisha, isipokuwa kile kishimo. Bibi hakumruhusu kukiweka.

Sasa, mwaka huo nilikuwa darasa la pili. Ulezi ulikuwa umeiva, unangoja kukatwa, ng'ombe wakatoka zizini wakaingia shambani kwa babu mdogo. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu babu yangu, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Ng'ombe walikula nusu ya shamba na nusu iliyobaki wakailalia. Hasara ile ilikuwa ya kweli, simtetei mtu. Shamba la ulezi ni jasho la mwaka mzima. Lakini yeye hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliita wenzake, wakachukua mipini ya majembe, wakaenda kumpiga mume wa mama wa maziwa mbele ya zizi lake.

Sisi tulikuwa jikoni, alasiri, bibi anasonga. Mama wa maziwa akaingia kwa mlango wa nyuma, hana kanga begani. Alisema, "Bibi, wanamuua," na pumzi ikamwishia. Bibi hakuuliza nani. Alimshika mkono akamsukuma nyuma ya kihenge cha nafaka, akamrushia kanga yake na magunia juu, akarudi kwenye sufuria. "Shika," akaniambia. Nikashika. Akaendelea kusonga.

Haukupita muda wanaume wakajaa uani. Babu mdogo akainama mlangoni, shati limelowa jasho, suruali ina madoa.

"Shikamoo shemeji. Huyo mwanamke kapita hapa?"

"Marahaba. Mimi ninasonga, sijatoka nje. Mna njaa?"

Nilidhani bibi amechanganyikiwa. Baadaye ndiyo nilielewa hesabu yake. Aliamini kwamba mwanamume akishiba hasira inamtoka, atakwenda kulala. Silaha nyingine hakuwa nayo. Akapakua mabonge yote ya siku ile, makubwa kuliko kawaida, mazuri sijapata kuona, na kila moja akaliwekea kidole chake. Akanituma niwanawishe. Nilishika beseni mbele ya babu mdogo nikamwagia maji mikononi kwake, na maji yakawa mekundu. Akaniambia asante mjukuu wangu, kama siku zote.

Walikula. Walikula na mtindi uliokuwemo kwenye kibuyu cha asubuhi ile. Mmoja wao akalamba kiganja akasema mtindi huu mtamu kweli, shemeji. Nyuma ya kihenge yule mama alikuwa ameuma kanga ya bibi ili asitoe sauti, maana alisikia kila neno. Wakamaliza, wakanawa, wakashukuru mmoja mmoja kwa heshima zote. Halafu wakatoka wakaenda kuchoma nyumba yake.

Tulisikia harufu ya samli inayoungua kabla hatujaona moshi. Kisha vibuyu vikaanza kupasuka, kimoja kimoja. Bibi alikaa chini katikati ya jikoni na mwiko mkononi. Sikuwahi kumwona akilia na sikumwona siku ile. Alisema tu, kwa Kifipa, kwamba wamekula mkononi mwake.

Mama wa maziwa aliondoka kesho yake na lori la mizigo linaloshuka bondeni, Mtowisa, ambako alikuwa na ndugu. Mumewe alifia hospitali. Polisi walikuja, wakauliza, hakuna aliyeona kitu. Mimi niliyaona yale maji, lakini nani anamuuliza mtoto wa darasa la pili?

Bibi hakufoka, na mtu mkali asipofoka uogope. Mwaka ule ule binti wa babu mdogo akawa anapata kipaimara, wakaja kina mama kumwomba bibi asimamie chungu, na babu mdogo mwenyewe nyuma yao na jogoo. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akachukua mwiko wake, ule mkubwa wa sherehe uliokuwa mweusi kwa miaka, akausukumiza katikati ya mafiga. Wote tukakaa tunautazama unavyowaka. Ulipokatika akasema, "Mkono umesusa. Kamleteni mama wa maziwa awasongee."

Hakuwapikia tena. Harusi zikaja, misiba ikaja, wakala walichopata. Mabinti wakaletwa wafundishwe, akawarudisha makwao. Padri alikuja kumsihi asamehe, akamjibu kwa upole kabisa: "Nimeshawasamehe, Baba. Kuwapikia ndiyo siwapikii." Sisi wa nyumbani alituwekea mwiko mdogo, akatupikia kwa mlango uliofungwa. Na kila msimu wa mavuno gunia dogo la ulezi lilishuka Mtowisa na dereva wa lori, na gunia dogo la mchele likapanda kuja kwetu. Hawakuwa na njia nyingine ya kusalimiana.

Kwa hiyo sasa unaelewa yale madonge. Kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kumsongea bibi ugali wa kumzika, na waliosababisha ndio waliokuwa wanautafuna.

Siku ya pili ya msiba pikipiki ikasimama njiani, akashuka mwanamke mrefu mwenye mvi, amekumbatia kibuyu. Nilimjua kwa kile kibuyu, nyota na pembe za ng'ombe. Alipita uani katikati ya wanaume bila kugeuza shingo, akaingia jikoni, akatuamkia, akajifunga kanga kiunoni, akaomba mwiko mdogo wa bibi. Nikashika sufuria. Nina miaka zaidi ya arobaini na nilishika kama nilivyofundishwa, kwa matambara, upande wangu. Aliupiga ule ugali, jamani. Aliutukana kwa Kifipa, matusi yale yale, neno kwa neno. Akazungusha kata, akapanga mabonge, akasita, kisha akabonyeza kidole gumba juu ya la kwanza. Mimi nikatoka nje kidogo kufuta macho.

Tulikula sisi wa jikoni, na mtindi. Harufu ikafika uani. Baada ya muda babu mdogo akaja mlangoni na sahani yake, anatembelea fimbo, macho yamefifia. Sijui kama alimtambua alipopita au alimtambua kwa harufu.

"Mama," akasema, "nasikia kuna mtindi."

Kibuyu kilikuwa kimelala mapajani mwa mama wa maziwa, mkono wake juu yake, kimejaa zaidi ya nusu. Sote tulikiona. Yeye babu pia alikiona.

"Umeisha, baba."

Akaishusha sahani yake. "Haya," akasema. "Asante, mama." Akarudi uani kwenye madonge.

Nimejaribu kusonga ulezi hapa Izia mara kadhaa tangu nirudi. Naununua sokoni, umesagwa mashineni, unanukia dizeli kweli, na unatoka na madonge kwa sababu hasira yangu bado ni ya haraka. Mawe ya kusagia siku hizi watu wanaegemezea milango. Vibuyu vya kuchora sivioni, mtindi unauzwa kwenye chupa za maji. Naweza kuyakosa hayo yote nikaishi. Ninachokosa hasa ni kile kikapu kikifunguliwa, na mabonge yenye alama ya kidole cha mtu ninayemjua.

Siku ile msibani, babu mdogo alipokwisha kukaa, mama wa maziwa alichungulia nje akawaita watoto waliokuwa wanacheza karibu na kuni. Walikuwa vitukuu wa yule mzee. Akawakalisha sakafuni, akawagawia ugali, akakipiga kibuyu kofi na kuwamiminia mmoja baada ya mwingine mpaka midomo ikawa myeupe. Kisha akakigeuza chini juu, akakipiga tena, halikutoka tone.

"Sasa ndiyo umeisha," akasema.