Neno la Mkuu na Msingi wa Issuna

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Mkoa alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akamuuliza karani wake, "Huyu ndiye mkadiriaji majenzi, au amemletea barua yake?" Karani akacheka. Mimi sikucheka. Nilitoa tepu mkobani, nikapima mlango wa ofisi yake kila upande, nikamwambia umejengwa umepinda. Tangu hapo tulielewana, ingawa hakuacha kunitania mpaka anahama.

Mkadiriaji majenzi, kwa nyinyi msiojua, ndiye anayepima kazi iliyofanyika na kusema inastahili malipo gani. Nilipofika Singida kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Idara ilikuwa na mafundi wake, malori yake na bohari yake. Saruji ikiisha, unaomba nyingine. Hakuna aliyemdai mwenzake. Nayapenda mno maisha yale. Tukienda Iguguno kukagua nyumba za walimu, fundi mkuu, Mzee Ntandu, aliimba njia nzima nyuma ya lori, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kumpungia mkono.

Kisha likaja soko huria. Mafundi wakapunguzwa, kazi zikaanza kutangazwa kwa zabuni. Mzee Ntandu akachukua kiinua mgongo chake, akajiandikisha mkandarasi. Hakikutosha, akaweka rehani kwa mfanyabiashara wa mjini ng'ombe wote alioachiwa na baba yake. Akapata zabuni ya kujenga zahanati ya Issuna.

Mkataba ulikuwa na kifungu kinachosema kazi ya ziada hailipwi bila agizo la maandishi. Nilimsomea mwenyewe, taratibu.

"Nimeelewa, binti yangu," akasema.

Kuelewa alielewa. Lakini kwetu huku mkubwa akishatamka, kumwambia "weka maandishi" ni kumwita mwongo mbele za watu. Basi wakati mimi niko Manyoni kwa kazi nyingine, msingi wa Issuna ukaangukia udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Mhandisi akaja, akasimama ukingoni, akamwambia achimbe mpaka akute ardhi ngumu, atalipwa. Mzee akaitikia, "Sawa, Mkuu." Akachimba, akajenga, akafukia. Zege na mawe yaliyozama humo yalimaliza kila alichokuwa nacho.

Kabla Mzee hajalipwa, Mhandisi akahamishiwa Kigoma. Aliyeshika nafasi yake Singida alikuwa mtu wa mikataba mipya, mnyoofu kama rula.

"Maandishi yako wapi, Mzee?"

"Mkuu aliyekuwapo alisema."

"Mimi nikilipa maneno, mkaguzi wa hesabu atanila mzimamzima. Nafunga hati ya malipo Ijumaa."

Hakuwa mtu mbaya. Zama ndizo zilizobadilika, na zilikuwa zinaondoka na ng'ombe wa Ntandu.

Nikasikia Mhandisi wa zamani bado amekwama Manyoni na mizigo yake, treni imechelewa. Nikamwambia Mzee twende.

"Nimfuate mkubwa stesheni kumdai neno lake? Heri ng'ombe waende."

Mkaidi yule! Nikabadili njia. "Lakini Mzee, hukumuaga."

Hapo akashtuka. Kutomuaga mtu uliyefanya naye kazi ni aibu kubwa kuliko deni. Akaenda nyumbani, akarudi na jogoo.

Tulimkuta Mhandisi amekaa juu ya magodoro yake. Aliupokea ugeni kwa furaha, jogoo akamweka miguuni. Mzee akaaga vizuri, deni hakuligusa. Ikabidi niseme mimi. Nilipomaliza, tabasamu la Mkuu lilikuwa limekwisha. Nilijua anachowaza: kuandika kwamba aliagiza kazi kwa mdomo ni kujiandikia kosa, na huko Kigoma alikuwa hajaanza hata kazi.

"Ntandu, kwa nini hukuniambia niandike?"

"Mkuu, ulikuwa umeshasema."

Mhandisi aliinamisha kichwa. Kisha akaomba karatasi, akaiweka juu ya sanduku, akaandika alichoagiza, akatia saini. Ijumaa ile mrithi wake alinung'unika, lakini alipitisha malipo, na Mzee akawakomboa ng'ombe wake.

Baadaye sheria za ununuzi na mikataba zilirekebishwa. Mwajiri akawekewa muda wa kulipa na riba akichelewa, na ugomvi ukapelekwa kwa msuluhishi kabla ya mahakama. Nilizunguka mkoa mzima nikiwafundisha wakandarasi: ukiagizwa kwa mdomo, rudi ukamwandikie mkubwa kwamba unathibitisha alichokuagiza. Ni sheria nzuri, zimeokoa wengi. Hata hivyo nikiwa peke yangu naukumbuka wimbo wa nyuma ya lori, na moyo unauma.

Nilipostaafu nilijenga nyumba hapa mjini. Mzee Ntandu alikuja na fimbo kuwasimamia wanawe, ndio mafundi wangu. Siku moja nikamwambia, "Mzee wangu, niongezee baraza hapo mbele. Nitalipa."

Vijana wakashika majembe. Mzee akainua fimbo, wakasimama.

"Binti yangu, andika."

"Leo huniamini, Mzee?"

"Nakuamini sana. Ila mimi na wewe tunakaribia kuhamishwa, na hawa wanangu hawataijua stesheni ya kukufuata."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka, nikaingia ndani kutafuta kalamu.