Maringo Hasalimii Mtu

Saa mbili asubuhi, foleni ya duka la kambi imefika kwenye ngazi. Wake wa askari wanapiga soga, vikapu mkononi. Mama mnene wa miaka hamsini na saba anapita mbele yao, macho mbele, mdomo kimya. Hata "habari za asubuhi" hakuna.

"Kapita huyo," ananong'ona mmoja. "Leo ndiyo kavimba kweli kweli."

Wanamwita Maringo. Jina hilo analijua, tena analipenda.

Ni afisa ustawi wa jamii wa kambi hii ya jeshi, raia kati ya watu wa magwanda kwa miaka kumi na miwili. Kazi yake ni kuwasikiliza wanaoumizwa na watu wa nyumbani mwao. Ofisi yake iko mwisho wa korido ya zahanati, ubavuni mwa chumba cha kupima uzito watoto. Anayeingia huko, huwezi kujua amepeleka mtoto au amepeleka machozi.

"Nikimsalimia huyu nikamwacha yule, watu wataanza: kumbe anamjua! Wamejuana wapi?" anasema. "Na mume naye atasikia. Kwa hiyo simwanzi mtu. Ukinisalimia, naitikia. Basi."

Jamani, mtu aliyelelewa kwa salamu, kuwapita wenzake kila siku ya Mungu kama hajawaona! Mwanzoni ilimtesa. Wifi yake, anayekaa humo humo kambini, alimnunia mwaka mzima, na mpaka leo hawajakaa sawa.

Ofisini kuna viti viwili, jagi la maji na midoli kwenye kona. Mgeni akifungua mdomo tu, Maringo anainua kiganja.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Usiniambie kitu."

Kisha anaeleza. Ukitaka, yanabaki humu: utatibiwa, utashauriwa, mkuu wa kambi hatajua. Ukitaka, mkuu anaambiwa na anachukua hatua. "Unachagua wewe. Ila mtoto akiguswa, au roho ya mtu ikiwa hatarini, hapo sina siri. Nasema mapema usije ukaona nimekugeuka."

Mwaka juzi kiganja hicho kiliinuliwa mbele ya mke wa koplo mmoja, mama wa watoto wawili. Amekubali kusimulia mwenyewe, mradi jina lisiandikwe.

"Nilikwenda na swali," anasema. "Mume wangu hakuwa amenipiga hata kofi. Lakini alinichukulia simu na kitambulisho cha getini, na bila hicho hutoki kambini. Kazi yangu ya saluni ikafa. Mama yangu akaugua, nikasikia baada ya wiki nzima. Nikauliza, hivi hili nalo ni ukatili, au mimi ndiye nadeka?"

Maringo alimjibu kuwa ni ukatili, na kwamba kumfungia mtu si lazima kufuli. "Nililia mpaka kamasi," anakumbuka.

Alichagua siri. Aliogopa kwamba mume akifukuzwa kazi, nyumba ya kambi nayo inakwenda, na watoto walale wapi? Kwa miezi kadhaa alikuja na mwanawe wa mwisho, anapimwa uzito, halafu wanaongea. "Mtoto wa watu alipimwa kama gunia!" anacheka.

Mkuu wa kambi alihisi kitu, akamwita Maringo, akataka jina.

"Nikamwambia, afande, nikikutajia mmoja leo, kesho korido yangu inabaki na panya," anasimulia Maringo. "Akanitazama weee! Mwisho akaniambia niende."

Siku alipojiona yuko tayari, mke wa koplo mwenyewe ndiye aliyesema mkuu aambiwe. Koplo akahamishiwa bweni la makapera na kupangiwa ushauri, mama na watoto wakabaki na nyumba. Kitambulisho kilirudi siku hiyo hiyo.

"Sasa mume wangu anakuja Jumapili kuwaona watoto," anasema mama huyo. "Anabisha hodi. Nisipomkaribisha, haingii."

Tunapomuuliza Maringo kuhusu mama huyu, anakunja uso. "Yupi huyo? Simfahamu."

Mchana anatoka kwenda kula. Foleni ipo, macho yake mbele kama kawaida.

"Shikamoo, mama!"

Ni mke wa koplo, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Marahaba," anaitikia Maringo bila kusimama.

"Mnayemwita Maringo," mke wa koplo anawaambia wenzake kwa sauti, "ndiye aliyenirudishia geti."

Kisha mmoja wa nyuma anasema, "Shikamoo, mama." Mwingine naye. Maringo anawaitikia wote kwa sauti ile ile moja, mpaka anapopinda kona ya zahanati. Hapo anatoa leso.

"Bado humfahamu?" tunamuuliza.

"Nani?" anasema, akifuta macho huku anacheka.

Amebakiza miaka mitatu astaafu, na mipango ameshapanga.

"Siku ya kwanza tu, nakuja na kiti changu, nakaa mlangoni pa duka lile. Nitamsalimia kila mtu, nimuulize watoto, nimuulize hali ya mama yake, mpaka wanichoke. Na nitaanza na wifi yangu."