Shati la Msumarini

Tangu mumewe ahame bila kuaga, fundi cherehani alitunga nyimbo za bluzi, muziki wa majonzi, peke yake chumbani, mguu ukikanyaga mashine na kumpa mdundo. Siku alipopanda jukwaani mara ya kwanza, sauti iligoma kabisa.

"Vipi, dada, umemeza ulimi?" mpiga gitaa alimnong'oneza.

"Mguu unatafuta cherehani, kaka."

"Basi kanyaga sakafu. Mimi nitakufuata."

Akakanyaga, na sauti ikaja. Aliimba habari za shati alilomshonea mumewe, ambalo bado lilining'inia msumarini kwake. Ukumbi mzima ulisimama na kumpigia makofi. Fundi alishukuru huku macho yakipita uso kwa uso hadi mlangoni. Mwenye shati hakuwamo.