Gari Lililozibwa kwa Mafuta ya Papa

Nilikuwa kwenye duka la spea hapa Mombasa, nangoja filta ya oili, akaingia mzee wa Kibajuni aliyekimbia vita kwao kisiwani Chula. Paka walimfuata hadi mlangoni.

"Mwanangu, nipe grisi, plagi, na dawa ya kutoa harufu garini."

"Harufu ya nini, mzee?" muuzaji akauliza.

"Papa."

Mzee akaeleza bila haya. Milango ya gari lake ilikuwa ikiingiza mvua, basi akaiziba mwenyewe nyumbani kama wazibavyo mashua kwao, kwa pamba iliyoloweshwa mafuta ya papa. Sasa halivuji. Ila mkewe hataki kulipanda, na paka wa mtaa hawataki kushuka.

Muuzaji alicheka hadi akashika kaunta. "Mlango wa gari huwekwa raba, mzee!"

Mzee akamkazia macho. "Tulipokimbia, mashua niliyoiziba hivyo ilituleta ukoo mzima. Hakuna mchu, mkubwa wala mdogo, aliyelowa hata unyayo. Raba yako imemvusha nani?"

Muuzaji akampa vitu vyake, mzee akatoka.

Gari langu lina raba mpya, na mvua ikinyesha naendesha miguu imo majini. Nikaiacha filta, nikawaruka paka, nikamkimbilia mzee kumuuliza mafuta yale huyapata wapi.